Mshumaa wa Urefu wa Emmota

Jumapili tarehe 13 Oktoba mwaka 1538, baada ya misa, Awdry Thirkettle wa kijiji cha Oxmere, mwendo wa asubuhi moja kutoka mji wa Bury katika jimbo la Suffolk, Uingereza, alimpima binti yake kwa uzi wa kitani kuanzia utosini mpaka kisiginoni. Mtoto aliitwa Emmota, naye alikuwa na miaka sita. Alikuwa hai bado, lakini waliokuwamo chumbani walikuwa wameshaanza kuongea kwa ile sauti ya chini ya watu walio msibani.

Koo lilikuwa limemvimba kiasi kwamba hata maji yalirudi puani. Ugonjwa huo uliingia Oxmere pamoja na mavuno na ulikuwa umeshapita katika nyumba tatu, na katika kila nyumba uliacha kitanda kimoja kitupu. Awdry mwenyewe alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili wa kiume miaka ya nyuma. Emmota ndiye aliyebaki, na Awdry alikuwa amefika umri ambao wanawake wa kijiji hawamuulizi tena mwenzao kama ana habari njema.

Kupima mgonjwa ni jambo ambalo kila mwanamke wa Suffolk alilijua kama anavyojua kukanda mkate. Wanawake wawili wasio wa nyumba ile hushika ncha za uzi, mmoja kichwani na mmoja miguuni. Mama humtaja mtakatifu, na kile atakachompa, na siku atakayokitoa. Husema kwa sauti. Ahadi ya kimoyomoyo haihesabiki, kwa sababu mtakatifu ni bwana mkubwa, na kwa bwana mkubwa huendi kunong'ona, unakwenda na mashahidi. Uzi ule ndio unaokuwa utambi, na juu yake hupakwa nta mpaka upatikane mshumaa wenye urefu wa mgonjwa mwenyewe.

Kichwani alishika Margery Sporle, mama wa ubatizo wa Emmota, mke wa mtunza kanisa. Miguuni alishika Isbell Gooch, jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Bwana wangu Edmundi, mfalme na shahidi," alisema Awdry, "niachie huyu mmoja. Siku ya sikukuu yako nitakuletea mwanga wa urefu wake, niuwashe mbele yako, uwake wote, usibaki hata wa kidole. Bi Margery na Bi Isbell wamesikia."

"Tumesikia," walisema wote wawili.

Isbell hakuwa mtu wa kuweza kukaa kimya penye huzuni. Huku bado ameshika kisigino cha mtoto, alisema kwamba yeye angekuwa na shayiri ya ziada angempelekea yule mtakatifu wa London anayewapunguzia wanawake mzigo wa waume zao, ila akimfikiria Gooch wake anaona hata hiyo shayiri ni hasara. Margery alimtazama vibaya. Awdry alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka.

Jumatatu jioni jipu lililokuwa kooni lilipasuka. Emmota alitema usaha na damu, akalala, akaamka akaomba maji. Jumanne aliomba mkate uliochovywa katika maziwa, na akaulalamikia kwamba ni mgumu.

Awdry alikuwa mfuga nyuki. Mizinga yake ya majani ya ngano yaliyosukwa ilikaa upande wa kusini wa bustani, chini ya kijipaa ambacho mumewe Symond, fundi wa kuezeka, alikitengeneza kwa mabaki ya kazi za watu. Asali waliuza, na nta ilikwenda kanisani. Alijua nta kwa kidole na kwa pua: ipi imekamuliwa na moshi mwingi, ipi ina maji, ipi itapasuka ikipoa. Kwa Emmota alichukua nta ya mizinga michanga. Aliiyeyusha juu ya maji, akaichuja kwa kitambaa, akaiyeyusha tena. Uzi aliutundika kwenye boriti akawa anaumiminia nta kwa upawa, anauacha upoe, anaumiminia tena, kisha akaulaza juu ya ubao na kuuviringisha kwa kiganja mpaka ukawa laini, mnene kama kidole gumba. Ukiwa bado na uvuguvugu aliukunja duara juu ya duara, kama kamba ya kisima, akaufunga katika shuka na kuuweka juu ya kabati. Symond alisema tangu mama mkwe wake afariki nyumba haikuwahi kuwa na mgeni mwenye kuheshimiwa kiasi hicho.

Zilibaki wiki chache tu kufika tarehe 20 Novemba, siku ya Edmundi. Awdry hakuwa na wasiwasi. Wasiwasi ni wa wanaochelewa. Edmundi wa Suffolk alijulikana kwa huruma yake na kwa kukosa subira. Kulikuwa na msaga unga, kijiji cha pili tu kutoka Oxmere, aliyeomba macho yake yarudi, na yakarudi. Aliahidi kwenda Bury, kwenye kaburi la Edmundi, kwa miguu, lakini kwanza akataka amalize msimu wa kusaga. Msimu ulipokwisha ilibidi mwanawe amwongoze hata kwenda chooni. Hakuna aliyeshangaa. Alikuwa amepewa, akashindwa kulipa, akanyang'anywa.

Jumapili ya tarehe 3 Novemba, Padre Nicholas Larwood alisoma amri ya mfalme badala ya mahubiri. Kwa kawaida Padre alikuwa na sauti ya kufika barabarani, ila siku hiyo watu wa nyuma walilazimika kuinama mbele. Sanamu zote ambazo watu huziendea kwa safari na sadaka zishushwe. Mishumaa isiwashwe tena mbele ya sanamu wala picha yoyote. Taa tatu tu ziliruhusiwa: ya msalaba mkubwa, ya sakramenti, na ya kaburi la Bwana wakati wa Pasaka. Atakayejua mtu anayekaidi amtaje.

Edmundi alisimama upande wa kaskazini wa kanisa, palepale alipokuwa siku zote, sanamu ya mti wa mwaloni uliopakwa rangi, taji kichwani, mishale kifuani, uso ukiwa na mshangao kidogo. Watu hawakumtazama. Walimtazama Awdry, kisha wakaacha.

Ndipo alipoanza kuogopa, na tangu siku hiyo hofu ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja alikuwako mtakatifu anayedai. Upande wa pili alikuwako mfalme anayekataza. Na katikati walikuwako mashahidi. Ile desturi ya kusema kwa sauti, mbele ya watu, iliyokuwa imemfunga kwa Edmundi, sasa ilimfunga pia mbele ya yeyote mwenye mdomo. Margery alikuwa mke wa mtunza kanisa, aliyeapishwa kutekeleza amri. Isbell alikuwa na mpwa wake anayetumika katika nyumba ya mkaguzi wa mfalme mjini Bury, na alikuwa Isbell. Awdry alianza kupita njia ya nyuma kwenda kisimani.

Symond alisema wazi anachofikiri. Mwaka uliotangulia tu, Norfolk, watu walinyongwa kwa sababu ya maneno waliyosema juu ya kufungwa kwa nyumba za watawa wakiwa wamekaa kwenye pombe. Yeye alikuwa ameezeka paa la binamu wa mmoja wao. Alimwambia mkewe mshumaa ule uyeyushwe, uuzwe kama nta, wasahau.

"Na Emmota?" aliuliza Awdry.

"Emmota amepona."

"Amepewa, Symond. Hajapona. Amepewa."

Symond aliinuka. Alikwenda kunoa kisu ambacho hakikuwa butu.

Awdry alimwendea Padre Larwood akamkuta bustanini anakata kabichi. Alimweleza hali yake, akamwomba amfungulie ile ahadi au aibadilishe: afunge, asali, awalishe maskini, chochote. Padre aliendelea kukata kabichi hadi mwisho wa mstari. Alimwambia kwamba kuibadilisha ahadi ya namna hiyo kunahitaji ruhusa ya askofu, na kwamba kumwandikia askofu mwaka huu jambo lenye neno mshumaa na neno sanamu ni kujiandikia mashtaka, yeye mwenyewe pamoja na Awdry. Kisha alisema kwamba hakusikia chochote, kwamba Awdry alikuja kuomba kabichi, na akampa moja. Awdry aliipokea. Alipofika nyumbani aliipika, kwa kuwa haikuwa na kosa.

Kwa siku kadhaa alijaribu kujiambia yale ambayo Padre hakuthubutu kusema, kwamba mtakatifu anaona amri iliyosomwa na anajua mikono yake imefungwa. Pengine angefaulu. Lakini Jumapili ya tarehe 17 Emmota alianza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu na kifupi, kama cha mtu anayetaka kuitwa. Usoni alikuwa na wekundu uliokaa pale pale ulipokaa Oktoba. Alisema koo halimuumi. Awdry alimfungua mdomo kando ya dirisha, akatazama, hakuona kitu, akatazama tena.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Hew Sporle, mtunza kanisa, mumewe Margery.

Novemba ni mwezi wa kuchinja nguruwe. Hew alikuwa uwanjani kwake anamwagia mnyama maji ya moto ili manyoya yatoke, na Margery alikuwa amepiga magoti kando ya beseni akikoroga damu isigande. Matope yalikuwa mekundu. Awdry alipiga magoti palepale kwenye hayo matope, na kwa kuwa Margery naye alikuwa chini, Hew alijikuta amesimama peke yake kati ya wanawake wawili waliopiga magoti.

"Inuka, Bi Awdry," alisema. "Watu wanapita."

Awdry hakuinuka. Alisema hamuombi asimshushe Edmundi. Anamuomba amshushe Alhamisi.

"Mkaguzi anakuja Jumatano."

"Jumatano jioni, basi."

"Jumatano ndiyo anayoitaka. Ameichagua kusudi. Anataka sanamu iungue uwanjani siku ya sikukuu yake yenyewe, watu waone kama itafanya lolote." Hew alifuta kisu kwenye aproni. "Kesho naishusha. Nimeapa kwa mkono juu ya kitabu. Unanipigia magoti mimi kana kwamba ndimi sanamu. Mimi sina mishale kifuani, shemeji, na sina hamu nayo."

"Anakohoa," alisema Awdry.

Margery aliacha kukoroga. "Hew, mimi nilishika ule uzi. Nilishika kichwani."

"Najua ulichoshika. Kijiji kizima kinajua ulichoshika, ndiyo maana silali."

"Basi ujue na hili. Akifa, mimi ndiye niliyemtoa majini kwenye ubatizo. Nitakaa nawe nyumba moja, nitakupikia, lakini neno kutoka kwangu usitarajie."

Hew alimgeuza yule nguruwe upande wa pili, kazi ya watu wawili, akaifanya peke yake. Hakuwa mtu mbaya wala jasiri. Alikuwa mtu wa kutafuta jinsi ya kubeba mzigo bila kuvunjika. Kisha alisema, bila kumtazama yeyote, kwamba kuni zote za kijiji zimelowa. Mvua haijakatika tangu Siku ya Wafu. Mwaloni mkavu utawaka ukishashika, ila lazima ushike, na mkaguzi hatapenda kusimama mvuani akiangalia watu wazima wakipuliza moshi. Angehitaji kitu cha kuwashia. Nta huwaka hata penye maji.

Margery alirudi kukoroga damu.

"Ungewekwa miguuni pake," alisema Hew. "Siku yake. Uwake mpaka uishe. Si ndivyo ulivyosema?"

Awdry alikubali kwamba ndivyo alivyosema.

"Mimi nitauwasha. Wewe ukae nyuma, na watu. Ulete kesho ukiwa umefunikwa, umpe Margery."

Symond, ambaye mpaka hapo alikuwa akiwaogopa wafalme walio hai tu, ndiye aliyeligundua jambo. Alisikiliza yote, akakaa akitazama moto wao wa nyumbani, kisha akamuuliza mkewe kama ameelewa kwamba mshumaa huo ndio utakaomchoma Edmundi.

Awdry alisema ameelewa njiani.

"Na bado utaupeleka?"

Emmota alikohoa ndani ya chumba. Jumanne Awdry alichukua ile shuka juu ya kabati, akaupeleka mshumaa.

Mkaguzi aliwasili Jumatano kabla ya adhuhuri, kijana mwenye glovu safi na mafua mabaya. Watu waliomsubiri kwa hofu ya wiki mbili walishtuka kuona kwamba hakuwa mkali. Alikuwa anataka kumaliza na kurudi Bury kwenye kitanda chenye joto. Aliwashukuru kwa kuja. Hawakuwa na hiari ya kutokuja, na yeye alilijua hilo, lakini alishukuru.

Edmundi alikuwa amelazwa nusu, ameegemezwa kwenye kuni katikati ya uwanja wa kijiji. Nje ya kanisa alionekana mdogo. Mvua ilimteremka usoni na rangi ya mashavu ilikuwa imeanza kuvuja. Hew aliinama akaweka ule mviringo wa nta miguuni pake, akafunua shuka.

"Ni nini hicho?" aliuliza mkaguzi.

Hew alisema ni nta ya kuwashia.

"Ni mshumaa." Mkaguzi alisogea akaugusa kwa ncha ya kiatu. "Nimeona mingi ya namna hii mwaka huu. Huwa inapimwa. Ni wa nani?"

Mvua ilisikika juu ya kofia za watu. Awdry alikuwa safu ya nyuma, kama alivyoagizwa. Upande wake wa kushoto, kwa sababu hakuweza kumkwepa mahali watu walipobanana, alisimama Isbell Gooch. Awdry alimsikia Isbell akivuta pumzi, ile pumzi anayovuta kila akitaka kuanza.

"Ni wa huyu jirani yangu, bwana," alisema Isbell kwa sauti ya kufika mbele. "Ameshindwa kuuuza. Aliacha majivu yakaingia ndani ya nta, na mwanamke aliyefuga nyuki maisha yake yote angepaswa kujua kuchuja. Mimi nilimwambia, hilo takataka litakufia mikononi. Hata panya wangu hawaligusi."

Watu wachache walicheka, kwa woga. Mkaguzi hakucheka. Alimwita Awdry mbele.

Awdry alitembea.

"Ni wako?"

"Ni wangu, bwana."

"Na ulitaka kuupeleka wapi?"

Awdry alifikiri juu ya Norfolk. Alifikiri pia kwamba kusema uongo hapo, mbele ya yule aliyeahidiwa, kungekuwa deni la pili.

"Hapa, bwana," alisema.

Mkaguzi alipenga kamasi, kisha uso wake ukalainika. Aliwageukia watu. Aliwaambia Oxmere ijifunze kwa mwanamke huyu, ambaye ameleta ujinga wake mwenyewe na kuuweka juu ya kuni bila kuburutwa. Alimwambia Hew ampe moto. Ingefaa zaidi, alisema, kama mwanamke mwenyewe angeuwasha kwa mkono wake.

Hew alimpa kijinga cha moto.

Kwa Awdry, kuwasha kwa mkono wake mwenyewe kulikuwa sehemu ya ahadi. Alisema mwenyewe: niuwashe mbele yako. Hew alikuwa amempunguzia hilo, na sasa mtu wa mfalme alikuwa amemrudishia. Aliinama akashikisha utambi. Mvua iliuzima. Akaushikisha tena, akiukinga kwa kiganja kama mtu anayewasha taa kanisani, na watu wote waliokuwa pale waliiona ile namna ya kukinga kwa kiganja na wakajua anachofanya. Mkaguzi alikuwa anatafuta leso yake.

Nta ilishika. Kwa muda ulikuwa mshumaa tu, mwali mmoja mdogo mbele ya miguu ya Edmundi, na kuna wanawake walioinamisha vichwa kabla ya kukumbuka mahali walipo. Kisha mviringo wote ulilegea, ukayeyuka, ukatiririka katikati ya kuni, na moto ukapanda kwa mkupuo. Ulianza miguuni. Rangi ilitoka malengelenge. Mti wa mwaloni, uliokauka kanisani kwa miaka isiyohesabika, ulitoa mlio mrefu, na mishale ya kifuani, iliyokuwa ya mti mwepesi, iliwaka yote mara moja. Awdry hakurudi nyuma mpaka Margery alipomvuta kwa aproni.

Mshumaa haukubaki hata wa kidole. Hilo aliliangalia.

Edmundi hakufanya lolote. Mkaguzi alilisema hilo, kwa maneno machache, akapanda farasi.

Njiani kurudi, Isbell alimfuata mpaka akawa sambamba naye. Alisema amsamehe kwa ile habari ya majivu, kwamba nta ya Awdry ni safi kuliko zote wilayani na hata Gooch anajua. Kisha alisema lile lililomleta.

"Nilisikia ukiahidi, shoga yangu, na nimeona ukilipa. Akiniuliza mtu, huku au huko juu, nitasema hivyo hivyo."

Awdry alimshika mkono, wakaenda hivyo mpaka mlangoni. Hakumwambia alichokuwa anawaza. Alikuwa anawaza kwamba shahidi anaweza kuthibitisha alichoona, lakini hawezi kuthibitisha jinsi kilivyopokelewa. Bwana mkubwa umemwahidi mwanga. Umemletea, siku ileile, urefu uleule, wote. Na kwa mwanga huohuo umemuunguza miguu, kisha magoti, kisha uso, mbele ya watu. Ataliita malipo, au tusi?

Emmota alikuwa ameketi karibu na moto na baba yake, anakunywa uji wa shayiri. Alimeza vizuri. Awdry alimwekea mkono kwenye paji la uso na akauacha hapo muda mrefu, mpaka mtoto akalalamika kwamba mkono wa mama unanuka moshi. Alikuwa na joto. Lilikuwa joto la mtoto aliyekaa karibu na moto, au halikuwa. Alikohoa mara moja, akaendelea kunywa.

Awdry alimuuliza Symond, ambaye kazi ilishampeleka vijiji vingi, mahali nchi ya Edmundi inapoishia na mkono wake haufiki tena.

Symond alifikiri kwanza kwamba ni mzaha. Kisha akasema kwamba kadiri anavyojua inaishia mto Stour. Ukivuka daraja uko Essex, na huko makanisa yana watakatifu wao wengine. Edmundi humkuti sana. Alisema pia kwamba ni mwendo wa siku mbili kwa miguu ukiwa na mtoto, kwamba njia zote ni maji matupu, na kwamba mtoto anayekohoa hatolewi nje mwezi wa Novemba. Alisema hilo la mwisho mara mbili.

Awdry alikuwa ameshaanza kufunga mkate na jibini katika shuka ileile. Alikuwa na dada yake Halstead, ng'ambo ya mto.

Alhamisi asubuhi, kulipopambazuka, alimvalisha Emmota nguo zote alizokuwa nazo, akamfunga mgongoni, na wakaanza safari ya kwenda Essex. Mvua ilikuwa inaendelea kunyesha.